Kumpima Mtu Aliye Hai

Pale Kiminini, karibu na stendi, kuna hoteli ndogo yenye mzee wa rangi ukutani, anakunywa chai. Nilimchora mimi. Meza yake imeinuka kama mlango uliong'olewa ukaegemezwa. Unaiona juu yote kama vile wewe ni mwewe, lakini kikombe kilicho juu yake unakiona kwa ubavu kama vile umelala chini. Chai hiyo ingekuwa ya kweli ingemwagikia mapajani. Lakini mapaja nayo hayapo. Kiuno kimeshuka moja kwa moja hadi magotini, na viatu vyote viwili vinaangalia Webuye.

Zamani nikipita hapo nilipunguza mwendo ili nimwone. Siku hizi, kila Jumamosi nikienda Bungoma, nageuza uso. Sitaki kumsingizia mtu: mwenye hoteli hajawahi kulalamika, na wateja wanampenda yule mzee, hata wanaagizana wakutane "kwa mzee wa chai". Ubaya ni mimi. Nimeanza kujifunza kuona, na sasa nikimwona nachoka.

Kazi yangu Kitale ni kuandika mabango. Shule niliachia darasa la nane, na si kwa sababu ya karo peke yake; akili pia haikuwa inakimbia. Mkono ndio ulikuwa unakimbia. Nipe ubao na brashi, nitakuandikia DUKA LA DAWA bila kupiga mstari, na herufi ya mwisho itatosha nafasi yake. Watu niliwachora tu pale mteja alipotaka: kichwa cha kinyozi, mama wa saluni, ng'ombe wa bucha. Ng'ombe wangu wote wana miguu minne upande mmoja, kama kitana.

Halafu yakaja mabango ya kuchapwa. Mtu anaingia dukani na picha kwenye simu, anakunywa soda, bango linatoka kwa mashine likiwa na nyama inayong'aa. Sina chuki na mashine. Inaandika sawasawa kuliko mimi, na haikosei l na r. Lakini ikawa kazi inayonifikia kwa hakika ni moja: misalaba. Seremala anapiga mbao, anapaka rangi nyeupe au ananiachia nipake, kisha mimi naandika jina, alizaliwa lini, alikufa lini. Kule nyumbani, upande wa Naitiri, ukitembea mashambani karibu kila msalaba ulioandikwa vizuri ni mkono wangu.

Ulioandikwa vibaya pia ni wangu. Kuna mmoja niliuandika RARA KWA AMANI. Ulisimama pale mwaka mzima. Mhubiri aliomba mbele yake, jamaa walipiga picha nao, mimi mwenyewe nilipita hapo na jembe begani mara nyingi, hakuna aliyeona kitu. Sisi ndivyo tunavyosema. Tuliusoma kwa ulimi wetu. Ni mpaka alipokuja mkwe mmoja kutoka Pwani, akasimama mbele yake, akauliza kwa upole sana, "Samahani jamani, marehemu anaambiwa afanye nini?"

Nilienda na kopo la rangi nikabadilisha R mbili zikawa L. Jua likipiga sana, zile R bado zinaonekana chini yake kama mbavu.

Basi nilipoanza kwenda Bungoma kujifunza kuchora watu, sababu niliyoiandika kwenye daftari langu ilikuwa fupi: "Nimechoka kuandika waliokufa. Nataka nijaribu walio hai kabla mkono haujaanza kutetemeka." Nikiisoma leo naona aibu kidogo, imekaa kama maneno ya mtu anayetaka kuonekana. Lakini ndivyo nilivyoandika, sitaifuta.

Mwalimu wetu ni msichana. Hapana, si msichana, ni mama wa watoto wawili. Nimemwita hivyo kwa sababu nimemzidi umri na inaniuma kidogo. Siku za wiki anafundisha shule ya upili, na Jumamosi anatufundisha sisi watu wazima sita katika ukumbi mmoja nyuma ya soko. Mwenzetu mmoja ni mzee muuza vitambaa anayeishi karibu na msikiti. Adhana ya adhuhuri ikilia anaweka penseli chini anakwenda kuswali, na sisi wengine tunanyoosha migongo. Bila dini yake sidhani tungepewa mapumziko.

Siku ya kwanza mwalimu alikuja nyuma yangu, akaangalia mtu niliyemchora, akauliza, "Fundi, mtu wako ana vichwa vingapi?"

"Kimoja, mwalimu."

Ukumbi wote ulicheka. Mimi pia nilicheka, nikichelewa.

"Nauliza urefu. Chukua kichwa chake, kipange kuanzia utosini mpaka nyayo. Kinaingia mara ngapi?"

Nikapima. Kiliingia mara nne na kidogo.

"Bana," akasema muuza vitambaa, "huyo ni mtoto wa chekechea mwenye ndevu."

Kwa mtu mzima kinaingia mara saba na nusu hivi. Nimeishi miaka yote hii katikati ya watu wazima na sikuwa najua. Mwalimu akatufundisha namna ya kupima: unasimama pale pale, unanyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, penseli imesimama wima, unafunga jicho moja. Ncha ya penseli unaiweka utosini, ukucha wa kidole gumba unauteremsha mpaka kidevuni. Hicho ni kichwa kimoja. Halafu unashuka nacho mwili mzima.

Baadaye akaleta benchi ndefu akaiweka ikituelekea, mwisho wake mmoja karibu na magoti yetu, mwingine kule ukutani. Akasema tuichore. Niliichora ndefu. Benchi hiyo inakaliwa na watu sita, naijua, nimeibeba mwenyewe kutoka nje.

"Pima," akasema.

Nikanyoosha mkono, nikafunga jicho. Kumbe kutoka pale nilipokaa benchi nzima ya watu sita haikuzidi upana wa vidole vyangu vitatu, na ule mwisho wa ukutani ulikuwa mwembamba kama kisanduku cha kiberiti. Nilipima tena nikidhani mkono umelegea. Nikapima mara ya tatu. Ndipo nikakumbuka ule msalaba. Niliandika RARA kwa sababu ndivyo nilivyozoea kusikia, na nimechora benchi ndefu kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuijua. Kumbe si ulimi peke yake wenye lafudhi ya kwao. Hata jicho.

Mwalimu ana jina la Kizungu la mambo haya, mistari kukimbilia mbali na vitu kufupika, na mimi kwenye daftari nimeliandika kwa namna tatu tofauti. Sisi darasani tunaita tu "kwenda mbali". Unaulizwa, "Hiyo meza yako imeenda mbali?" Unajibu imeenda, au imekataa. Yangu ilikataa kwa wiki nyingi. Nilikuwa narudi Kitale mgongo unauma, nimebeba karatasi zilizotobolewa na raba, na najiuliza ni mpumbavu gani anaanza chekechea akiwa na mvi.

Kisha mwalimu akatuambia habari ya ukuta. Kuna kituo cha afya nje ya Bungoma kilichomwomba achore ukuta wa varanda, ule unaotoka kwenye mabenchi ya kusubiri kwenda wodini. Anataka watu wamekaa, wa rika zote, na varanda iende mbali nyuma yao. Atachagua wawili kati yetu wafanye naye. "Kila mtu aniletee mtu mmoja aliyekaa," akasema. "Mtu mzima wa mwili na viungo, kutoka kichwani mpaka vidole vya miguu, na sakafu ionekane. Si wa kwenye simu. Mtu wa kweli mbele yako." Alitupa Jumamosi mbili.

Nilitaka ukuta ule kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote. Watu wangeukalia mbele wakisubiri, wagonjwa, wazima, na mmoja wao angekuwa amechorwa na mimi, mtu aliye hai, hana tarehe ya mwisho.

Mke wangu nilimwomba akae. Akaniangalia. "Saa mbili nimekaa kama sanamu? Na mahindi yapukuchuliwe na nani, na hiyo picha?" Hakusema kwa ubaya. Ni msimu wa kazi, na alikuwa na haki.

Ikabaki mama.

Mama anaishi peke yake kule Naitiri, dada yangu mkubwa yuko ng'ambo ya kijito. Nilimpigia simu mapema, akafurahi. Nilipofika nilimkuta amevaa kitambaa cha kanisani na amekaa kwenye kiti cha mbao kando ya ukuta wa jikoni, mikono magotini, ameshakuwa tayari. Mimi nina jina la baba yake, kwa hivyo huniita baba. Akanisalimu, "Mulembe, baba. Nikae hivi?"

"Kaa hivyo hivyo, mama."

Nikarudi nyuma hatua kama nane. Nikaweka ubao wangu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikanyoosha mkono, nikafunga jicho. Kichwa kimoja. Nikashuka kifuani. Nikashuka tumboni. Nilikuwa nimefika magotini nilipoona uso wake umebadilika.

"Baba."

"Naam."

"Hiyo penseri unafanya nayo nini?"

"Nakupima, mama."

Neno lilipotoka ndipo nililisikia. Kwetu fundi wa nguo anapima kwa utepe, na anayepimwa anageuka huku na huku akisema usinibane hapa. Anayepimwa kwa kijiti ni mwingine. Seremala anaingia chumbani, anaweka fito kando ya aliyelala, anaikata hapo, anatoka nayo bila kusema na mtu, na jioni sanduku limefika. Na baada ya seremala anayefuata ni mwandishi. Ni mimi.

"Umepata ngapi?" mama akauliza.

Akainuka polepole akishika ukuta, akaingia jikoni, akavuta mlango. Nilibaki nimesimama na penseli. Kuku alikuja akakalia kile kiti.

Kesho yake dada akapiga simu.

"Ati ulienda kumpima mama na fito?"

"Ilikuwa penseli."

"Penseli, fito, si zote ni za kupimia? Hukuona mtu mwingine wa kupima Kitale yote?"

"Ni mambo ya kuchora, dada. Ndivyo tunavyofundishwa."

"Na msalaba ulifundishwa na nani?"



Hili nataka niliandike kama lilivyokuwa, bila kujipendelea. Mwaka uliopita mama alilazwa na mapafu, na kulikuwa na siku tatu ambazo hata madaktari waliongea nasi kwa sauti ya chini. Siku ya pili nilienda kwa seremala wa kule nyumbani, nikachukua msalaba, nikaupeleka Kitale, nikaupaka nyeupe. Mikono miwili ya rangi, mmoja juu ya mwingine. Sikuandika jina. Mama akapona, akarudi nyumbani, na msalaba ukabaki nyuma ya mbao zangu, uso ukutani. Sikuwa nimemwombea kifo. Lakini pia siwezi kusema nilipaka rangi bila kufikiri. Nilifikiri. Nilifikiri kwamba kazi ya haraka hutoka mbaya, na kama kuna jina ambalo sikutaka litoke vibaya ni lake.

"Nani alimwambia?" nikamwuliza dada.

"Seremala mwenyewe. Alimsalimia kanisani mbele za watu. 'Mama, wewe umetushinda! Mpaka msalaba umekosa mtu!' Alidhani ni kumpongeza."

"Na mama akasema nini?"

"Akacheka. Ulitaka afanye nini mbele ya kanisa? Amekaa nalo tangu wakati huo. Halafu wewe unakuja na kijiti."

Jumamosi ile sikuwa na kitu cha kuonyesha. Wiki ilivyokwenda nilijaribu kila kitu ambacho si mama. Nilichora miguu yangu mwenyewe, nimekaa kitandani. Nilichora kigoda. Nilikaa mbele ya maduka ya Kitale nikachora varanda na nguzo zake zikipungua moja baada ya nyingine, na nguzo zilianza kukubali, zilienda mbali vizuri, lakini hapakuwa na mtu chini yake. Karatasi ilionekana kama mji uliohamwa. Nilimwandikia mwalimu ujumbe kwamba nitajitoa, nikaufuta. Nikauandika tena, nikaufuta tena. Sijui kama ilikuwa ushujaa au ni kwamba sikujua kuandika sentensi ya kujitoa vizuri.

Jumatano nikaenda kwa mama mikono mitupu. Nilimwambia kila kitu, msalaba, siku ile ya pili hospitalini, rangi. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa.

"Uko wapi?"

"Kitale, kwa karakana."

"Ulete. Nikiuona nitakaa."

"Mama, niuvunje tu huko, nichome."

"Nimesema ulete. Ni wangu ama si wangu?"

Ijumaa nikaubeba. Niliufunga kwa gunia, lakini msalaba haujifichi kwa gunia. Unakuwa msalaba uliovaa gunia. Kutoka barabarani mpaka nyumbani ni mwendo wa nusu saa, na kila niliyekutana naye alisimama. Mzee mmoja akavua kofia.

"Pole sana, kijana wetu."

"Asante, mzee, lakini hakuna msiba."

Akaangalia gunia. "Si mama?"

"Mama yuko mzima. Naupeleka kwake."

"Anaupokea mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

Alirudisha kofia kichwani taratibu sana. Nilipogeuka nyuma bado alikuwa amesimama.

Mama alilifungua gunia mwenyewe. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, mara hapa, mara pale, kama anavyogonga mtungi sokoni.

"Mti gani huu?"

"Sipresi."

"Umepaka mara ngapi?"

"Mbili."

"Hukuandika."

"Sikuandika."

Akaugeuza, akaangalia nyuma yake pia, akaona kweli hakuna. Nadhani hapo ndipo kitu kilipolegea usoni mwake, ingawa naweza kuwa nimekosea. Macho yangu nimeshasema yana ugonjwa wake. Kisha akasema, "Leta nyundo."

Nyumba ya kuku ilikuwa imevunjika mlango, na nguchiro alikuwa ameshachukua vifaranga vinne. Tuliung'oa msalaba misumari. Ubao mrefu ukawa mwimo wa mlango, ule mfupi ukawa komeo la kupitisha. Mimi nilipiga misumari, yeye alishika.

"Mbao nzuri hivi inakaa gizani," akasema. "Mimi nikifa mtanunua ingine. Kuku hawawezi kungoja."

Tulipomaliza alinawa mikono, akaja karibu nami. "Sasa wewe nenda kule, simama. Nipe hiyo karamu yako."

Nikampa penseli. Nikaenda nikasimama kando ya nyumba ya kuku. Akanyoosha mkono kama alivyoniona nikifanya, lakini jicho lake halikubali kufungwa peke yake, yakifungwa yanafungwa yote mawili, basi akalifunika moja kwa kiganja. Alinipima muda mrefu. Ulimi ulikuwa umetoka kidogo pembeni ya mdomo.

"Wewe ni mfupi kuliko hii penseri!"

"Ni kwa sababu niko mbali, mama."

"Basi usiende mbali sana," akasema, akanirudishia.

Akaenda akakaa kwenye kile kiti.

Nilianza na kichwa. Nilipima na hakusema kitu, ingawa niliona vidole vyake vinabana kanga kila mkono wangu ulipoinuka. Shingo, mabega, yale mabega yaliyoshuka upande mmoja kwa sababu ya kubeba maji. Nikafika kwenye mapaja. Alikuwa amekaa akinielekea moja kwa moja, magoti mbele, na penseli iliniambia kwamba kutoka kiunoni mpaka gotini hapakuwa na kitu, ni upana wa kiganja chake tu. Nilisimama hapo. Mapaja haya nimekaliwa juu yake, sijui kusema vizuri, namaanisha ni mimi niliyekalishwa juu yake nikinyolewa, nikitolewa funza, nikilishwa uji. Nayajua urefu wake kuliko ninavyojua barabara ya Kitale. Mkono ulitaka kuyachora marefu. Nikapima tena. Penseli ikasema kiganja kimoja. Nikaandika kiganja kimoja, kama mtu anayetia sahihi kitu asichokiamini.

Chini yake miguu ikatoka mirefu na mizito, nyayo zimekanyaga ardhi, moja mbele kidogo ya nyingine. Nikachora miguu ya kiti, ile ya mbele chini, ile ya nyuma juu kidogo. Nikachora ukuta wa jikoni ukienda mbali mpaka kwenye nyumba ya kuku, na mwimo wake mweupe.

"Umemaliza?"

"Bado, mama."

"Mimi nimechoka kukaa, wewe umechoka kusimama. Nani anafanya kazi hapa?"

Nikacheka, na penseli ikapotea njia kwenye uso. Sikuweza kuurudisha. Jua lilikuwa limeshahama na nilikuwa nimechoka mpaka macho yanatoa machozi bila sababu. Uso niliumaliza kwa haraka. Najua nilivyosema juu ya kazi ya haraka.

Jumamosi mwalimu alipanga karatasi zote sita chini, zimeegemea ukuta, akapita mbele yake polepole. Yangu alisimama nayo. Alikuwa na tabia ya kuonyesha makosa kwa kidole kidogo, na kile kidole kilikaa muda bila kwenda popote.

"Fundi," akasema. "Huyu amekaa."

Basi. Lakini nilimwelewa. Mzee wa chai wa Kiminini hajakaa hata siku moja, ametundikwa. Mama alikuwa amekaa, na kiti kilikuwa kinajua.

"Uso bado," akaongeza. "Uso hukuutazama."

"Ni kweli, mwalimu."

Aliwachagua muuza vitambaa na mama mmoja kijana ambaye huongea kidogo. Niliangalia karatasi zao vizuri kabla sijakubali kuumia. Muuza vitambaa alikuwa amemchora mkewe akishona, na kitambaa kilianguka kutoka mapajani kama kitambaa. Yule mama alimchora baba yake amekaa, mikono kwenye mkongojo, vidole vyote mahali pake, mpaka nikaiona imechoka. Walikuwa wamenishinda. Ningekuwa mwalimu ningewachagua hao hao. Hilo nililiandika kwenye daftari usiku ule ili nisije nikalibadilisha baadaye.

Tulipokuwa tunakunja karatasi mwalimu akaniita kando. "Kuna maandishi ya kuandikwa juu ya mlango wa wodi. Hakuna mwenye mkono wako. Utatusaidia?"

"Yanasemaje?"

"KIMYA, WAGONJWA WAMELALA."

Nikamwangalia kama ananitania. Hakuwa anajua lolote juu ya msalaba ule wa RARA. Nilimwambia nitaandika. Tena nilimwomba aniandikie hayo maneno kwenye karatasi, herufi moja moja, kwa mkono wake.

Jumapili nikapitia kwa mama, nikamfungulia picha. Aliishika mbali, halafu karibu.

"Walisema nini?"

"Walisema umekaa vizuri. Lakini sikuchukuliwa."

"Mm." Akaendelea kuangalia. "Na huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Huyu si mimi. Huyu ni wifi yangu! Baba, miaka arobaini nimegombana na huyu mwanamke, leo unachukua uso wake unaniwekea mimi?"

Nikaangalia. Ilikuwa kweli. Ilikuwa shangazi kabisa, na mdomo wake. Mimi nina sura ya upande wa baba, labda mkono ulipoachwa peke yake ulichora unachokijua. Nikaanza kuomba msamaha, lakini mama alikuwa ameshanirudishia karatasi na alikuwa anavuta kile kiti kukiweka kando ya ukuta wa jikoni. Akakaa, akanyoosha kanga magotini.

Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kumwambia tuache, labda siku nyingine. Penseli ilikuwa mfukoni. Nikarudi nyuma hatua, safari hii hatua nne tu, nikanyoosha mkono, nikafunga jicho.

"Pima uso," mama akasema. "Miguu usiguse. Miguu uliipata."